Sarafu ya mia tano yenye malengelenge: feki au imeliwa na maji?

Mkuu uliyeuliza kuhusu sarafu ya shilingi mia tano uliyorudishiwa chenji, nyeusi na imevimba upande mmoja, ukahisi umebambikiwa feki: mimi nilikuwa na kopo zima la namna hiyo.

Nina kiduka Kibirizi, Kigoma, jirani na mwalo. Ziwa Tanganyika lilipopanda 2024 maji yaliingia usiku, na kopo la chenji lilikuwa sakafuni pembeni ya kiroba cha chumvi ya Uvinza. Tanganyika ni maji baridi, yenyewe yasingeziharibu upesi vile. Chumvi ndiyo iliyozimaliza.

Jero hii, yaani hiyo mia tano iliyotoka 2014, si nikeli tupu. Ndani ni chuma, nikeli ni ganda tu, na vyote viwili hunasa kwenye sumaku. Ganda likitoboka hata tundu la sindano, maji yanapenya na chuma kinaoza chini kwa chini. Kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, basi inalisukuma ganda juu. Hayo ndiyo malengelenge yako. Libonyeze kwa kucha, litabanduka, ndani utakuta unga wa kahawia. Mimi huanza kukagua ukingo, maana huko ndiko ganda huchubuka mapema.

Iliyoliwa na maji hubaki na sehemu nzima: pembe ya nyati kali kama mpya, na sentimita moja pembeni ni shimo. Feki ya kumimina kwenye kalibu huwa butu kote. Iliyoungua moto kwa kawaida hubadilika rangi.

Kopo hilohilo mama alikuwa ametupia senti ishirini za zamani, zile za mbuni. Zilitoka za kijani, lakini haikuvimba hata moja. Zile hazina chuma ndani.

Halafu usisugue kwa limao na mchanga! Nilisugua kumi, nikamaliza hata ganda lililokuwa limebaki, makonda wakazikataa kuliko mwanzo. Suuza kwa maji safi chumvi itoke, anika juani, basi.

Nyingine nilipeleka benki. Keshia alizichambua moja moja huku foleni ikininunia, akapokea zile ambazo namba inasomeka. Kumi na saba nilirudi nazo. Ziko kwenye kopo lilelile, ila sasa linakaa juu ya kabati.