Kwa bibi anakula, kwako hali: nani ana tatizo?

“Shangazi, mwanangu ana miaka 4. Hali chochote ila mkate, biskuti na maziwa. Mboga akiiona tu kwenye sahani, kilio. Namfuata na kijiko nyumba nzima, nampikia sufuria yake peke yake, wapi! Mimi mwenyewe si mtu wa mboga, kwa hiyo namwelewa. Mama mkwe anasema nimemdekeza, na mume wangu yuko upande wa mama yake. Cha ajabu, akienda kwa bibi yake anakula kila kitu. Naamini huko wanamtisha. Nifanyeje? – Mama Aliyechoka”

Pole, mwanangu. Kumkimbiza mtoto na kijiko kunachosha kweli. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeirudia nikitafuta huo utisho wa mama mkwe, sijauona. Umemsikia akimfokea mtoto? Hujasema. Ulichosema ni kwamba anakula. Nabashiri kule kuna sufuria moja tu: bibi anapakua, anakaa, anakula chake, wala hamkodolei mtoto macho mdomoni. Kwako mtoto ameshajua kwamba akilia kidogo, biskuti inakuja. Sasa ahangaike na mboga ya nini? Mama mkwe yuko sahihi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na wewe umeshaanza kulia.

Nitamtetea mtoto pia. Kati ya miaka 2 na 6, kukiogopa chakula kigeni ni kawaida, si ukaidi. Chakula kipya kinaweza kuhitaji kuwekwa mbele yake mara 8 hadi 15, pengine zaidi, ndipo akikubali. Wewe ulijaribu mara ngapi kabla ya kutangaza “hapendi”? Tena anajifunza kwa kutazama. Mama asiyegusa mboga anataka mwanawe azipendee wapi?

Kwa hiyo sufuria ya pili ife leo. Wewe amua kinachopikwa, saa ya kula na mahali pa kulia. Yeye aamue kama atakula, na kiasi gani. Weka kitu anachokijua, na pembeni kijiko kimoja tu cha kipya. Asipokigusa, nyamaza, ondoa sahani watu wakimaliza. Mpaka saa nyingine ya kula, maji tu. Usimshike kidevu, usimwahidi peremende. Ukimhonga hivyo unamfundisha kwamba mboga ni adhabu na utamu ndio zawadi. Na hayo maziwa! Yasizidi kama nusu lita kwa siku. Yakizidi yanamshibisha, na mtoto anayeishi kwa maziwa huishiwa madini ya chuma.

Ndoa za siku hizi zina jambo linalonikera: kila kitu ni kesi. Mtoto hajala, mama mkwe anakuwa mshtakiwa na mume hakimu aliyehongwa. Mwanamke anakesha kwenye simu akisoma ushauri wa watu asiowajua, lakini kumwuliza aliyemlea mumewe mpaka akafaa kuolewa naye, hilo hataki. Mumeo kukubaliana na mama yake si usaliti. Ila naye asijione mshindi: kuunga mkono ukiwa umejilaza kwenye kochi hakumlishi mtoto. Aje mezani, ale mboga mwanawe akiona.

Kama mtoto anapungua uzito au haongezeki, anapaliwa au kutapika akila, au hivyo vichache anavyokubali vinazidi kupungua, usinisubiri mimi wala bibi. Mpeleke kwa daktari.

Vinginevyo, mpigie mama mkwe wiki hii. Usimwulize kama anamtisha mjukuu wake. Mwulize anapika nini, anapakua kiasi gani na wanakula saa ngapi. Kisha msikilize bila kumkatiza, hata akianza na “si nilikwambia?” Atasema tu.