Jibu: shelta ya jiji imefurika mbwa, tuanzie wapi?

Dada uliyeuliza kuhusu shelta ya jiji (makao ya mbwa na paka wa mtaani, wanawekwa hadi mwenyewe au familia mpya iwachukue) unayojitolea wikiendi huko Texas, kwamba mbwa wamebanana wawili wawili, wanakohoa, harufu unakutana nayo tangu parking, na umerekodi video unataka kuirusha mtandaoni. Mimi nimeosha vizimba shelta ya jiji hapa hapa Texas miaka kadhaa (mama aliposikia akauliza nimepanda ndege yote ile kwenda kuosha banda la mbwa, nikamwambia mama dola ni dola), nakuambia nilichokiona kwa ndani.

Video isubiri kwanza. Utakaowaonyesha humo ni waosha vizimba, watu wa chini kabisa, wakishatukanwa mtandaoni wawili watatu wanaacha kazi, aliyebaki anaongezewa vizimba vya wenzake, na bosi anapiga marufuku mavolantia. Nimeshuhudia hilo likitokea. Kelele zina kazi yake ila zipigwe kwa wenye hela, nitafika hapo.

Sasa ugonjwa wenyewe ni siku za kukaa. Wengi wanadhani shida ni jengo dogo. Piga hesabu: wakiingia mbwa 20 kwa siku na kila mmoja akakaa siku 15, ndani utakuwa na wastani wa mbwa 300. Zikishuka zikawa siku 10 wanabaki 200, na hujajenga ukuta wala hujamchoma mbwa yeyote sindano ya kifo. Kwetu mbwa walikuwa wanakwama kwa vitu vya kijinga kabisa, muda wa kumsubiri mwenyewe umeisha lakini anangoja kuhasiwa na daktari anafanya operesheni siku chache kwa wiki, au picha yake haijapandishwa kwenye tovuti kwahiyo hakuna anayejua kama yupo, au karatasi yake imelala kwenye dawati la mtu aliye likizo. Kilichosaidia ni kitu kidogo sana: kila asubuhi mtu mmoja wa ofisi na mmoja wa matibabu wanapita kizimba kwa kizimba wanauliza huyu anangoja nini, nani atafanya, leo au kesho. Basi. Na wale maofisa wa magari wakapewa vile vikifaa vya kusoma chipu (kidude chenye namba ya mwenyewe, kinawekwa chini ya ngozi ya mbwa), akikamata mbwa mtaani anamsoma pale pale, kama ana mwenyewe anamrudisha nyumbani kwao bila hata kumleta shelta. Mbwa asiyeingia ndiyo nafuu kuliko wote.

Usafi nao uangalie kwa jicho kali. Kupiga maji ya mpira kizimbani huku mbwa yumo ndani ni mwiko, miongozo ya madaktari wa wanyama wa shelta Marekani (ya 2010, wakaiboresha 2022) imeandika wazi haikubaliki, analowa, anatishika na kinyesi kinamrukia. Vizimba vingi vina sehemu mbili na mlango wa kupandisha kwa kamba katikati, mbwa anasukumwa upande huu unaosha ule. Nyinyi kama wamebanana wawili wawili nina wasiwasi milango hiyo imefungwa moja kwa moja ili kila upande ukae mbwa wake, yani nusu chumba, analala alipojisaidia, na wa kuosha hana pa kumsogeza. Ukikuta hivyo jua kila kitu kingine kitaharibika.

Halafu jiki. Watu wanaimwaga juu ya kinyesi wakidhani wameua parvo, kile kirusi kinachoharisha na kuua mbwa. Haifanyi kazi juu ya uchafu! Unatoa kinyesi, unaosha kwa sabuni, unasuuza, ndiyo unaweka jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 32 na unaiacha dakika 10 bila kuigusa. Parvo inaweza kukaa sakafuni miezi na miezi. Na chanjo apigwe mlangoni pale anapopokelewa, siyo kesho daktari akija, maana kesho keshalala jirani na mgonjwa, na watoto wa mbwa wanarudiwa kila wiki mbili tatu. Hiyo haihitaji bajeti mpya, inahitaji mtu wa mapokezi afundishwe kuchoma sindano.

Upande wa paka sitakaa sana (kuna jamaa yetu Msomali aliomba apangwe huko moja kwa moja kwa sababu ya mate ya mbwa, na ndiye aliyekuwa fundi wao). Mpe paka boksi la kujificha, atulie, ale, asianze mafua. Na vile vikeji vidogo vitobolewe tundu katikati viwili viwe kimoja, choo kule chakula huku.

Sasa wenye hela. Sheria ya Texas, sura ya 823 ya kanuni za afya, inataka shelta iwe na kamati ya ushauri, ndani awemo daktari wa wanyama, ofisa wa jiji au kaunti, mtu wa kazi za kila siku za shelta na mwakilishi wa shirika la kutetea wanyama, na wakutane si chini ya mara tatu kwa mwaka. Kaunti ndogo ndogo zina msamaha ila wewe uko mjini. Uliza vikao ni lini, nenda ukae, utashangaa viti vilivyo wazi. Omba kwa maandishi takwimu za kila mwezi: walioingia, waliotoka hai, waliouawa, wastani wa siku. Ni haki ya mwananchi, na huhitaji kusema sababu.

Ukishapata namba unasubiri msimu wa bajeti. Miji mingi Texas mwaka wao unaanza Oktoba 1, kwahiyo Julai na Agosti ndiyo madiwani wanapangua hela na wananchi wanaruhusiwa kuongea, dakika tatu au pungufu. Jiji la Austin, hapa hapa Texas, walifika asilimia 90 ya wanyama kutoka hai mwaka 2011, na baraza lao lilikuwa limepitisha mpango mwaka mmoja kabla, haikushuka tu kutoka mbinguni. Wewe usiende kuomba jengo jipya. Omba daktari wa pili wa operesheni na waosha vizimba wa kutosha, taja siku za kukaa zilivyo na zitakavyoshuka, na hapo ndipo ile video unaionyesha, ukumbini, ikiwa na mbwa na milango iliyofungwa tu, sura za wafanyakazi umezikata.