Maswali ya wasomaji: priza ya antena kwenye ukuta wa karavani

Swali. Mafundi wetu, nawasalimu kutoka Kampemba, Lubumbashi. Nimenunua karavani ya mtumba iliyopitia Kasumbalesa, ya kuvutwa na gari la jeep, bodi yake ni bati tupu. Kazi yangu ni ya barabarani: mwezi huu Kipushi, mwezi ujao Likasi. Antena nikiiweka ndani haishiki kitu. Nikipitisha waya dirishani, mbu wanaingia na mvua nayo inafuata. Nataka priza ya nje, nichomeke waya kisha nifunge dirisha. Nitoboe wapi, na ninunue nini?

Jibu. Ndugu, antena yako ya ndani haina kosa. Karavani yenye ngozi ya alumini ni kama sanduku la chuma, na mawimbi ya televisheni hayapenyi chuma. Yanayofika ndani ni yale machache yanayopita kwenye vioo. Kwa hiyo umewaza sawa: antena ikae nje, juu ya mlingoti, na waya uingie kwa njia yake maalumu.

Kabla ya kushika drili, fanya jaribio la bure. Simamisha antena nje, pitisha waya dirishani kwa jioni moja, tafuta stesheni zote. Picha ikikaa vizuri, toboa. Isipokaa, tundu halitaiponya. Shughulikia antena kwanza.

Sasa ukuta wenyewe. Nje kuna bati jembamba la alumini, halafu sponji nyeupe ya kuzuia joto iliyokaa kati ya fito za mbao, kisha plaiwudi ya milimita 3 hivi ndani. Unene wote mara nyingi ni milimita 25 hadi 35. Adui wa ukuta huu ni maji. Yakipita kwenye tundu hayaonekani. Yanakaa ndani ya fito miezi mingi, na siku utakapoona plaiwudi imevimba, mbao zimekwisha kuoza. Mvua zetu za Novemba hadi Machi zinatosha kabisa kuifanya kazi hiyo. Ndiyo maana tunakuomba utumie muda mwingi zaidi kwenye kuziba kuliko kwenye kutoboa.

Watu wengi hununua kiungio kirefu cha F (kile cha kuskrubu cha waya wa antena) chenye nati, wakakipitisha ukutani na kukaza pande zote mbili. Usifanye hivyo. Ukikaza, sponji inabonyea, bati linaingia ndani, na maji yanapata bonde la kukaa. Nunua badala yake kisanduku kidogo cha umeme cha nje, cha plastiki, chenye kifuniko na mpira, sentimita 8 kwa 8. Toboa upande wake wa chini tundu la milimita 10, funga humo kiungio cha F cha pande mbili, mdomo ukitazama ardhini. Waya wa ndani utaingia kwa mgongo wa kisanduku. Andika juu yake ANTENA kwa rangi isiyofutika, maana mtu akiona kisanduku cha aina ile atadhani ni umeme.

Mahali pazuri ni karibu na televisheni, juu ya usawa wa magurudumu yasipate kurusha matope, mbali na priza ya umeme wa volti 220. Gonga ukuta kwa kidole: penye sauti ya uwazi pana sponji, penye sauti nzito pana ufito. Tundu la waya lipite kwenye sponji. Skrubu za kisanduku, kama inawezekana, zishike ufito. Bati peke yake halishiki skrubu. Pasipo na ufito, gundisha kipande cha plaiwudi ya milimita 9 ndani ya kabati ili skrubu zipate pa kuuma. Fungua kabati na utazame nyaya za taa zinapita wapi, na chomoa betri pamoja na umeme wa nje kabla ya kuanza.

Toboa kwanza kwa ncha ya milimita 3 kutoka ndani kwenda nje, ukiinamisha drili kidogo ili upande wa nje uwe chini. Kisha, ukiwa nje, bandika utepe wa karatasi juu ya bati na upanue tundu hadi milimita 12. Laini kingo kwa tupa, ondoa vumbi la chuma, paka rangi ya kwanza (praima) ya alumini kwenye ukingo uliokatwa. Weka bushi ya mpira: bati bila bushi litaukata waya kidogo kidogo kila karavani inapotikisika njiani.

Kuhusu gundi ya kuzibia, tuna msimamo. Silikoni ile yenye harufu ya siki usiiguse. Tindikali yake inakula alumini. Tumia gundi ya butili, ile laini isiyokauka kabisa. Paka mgongo mzima wa kisanduku na kila tundu la skrubu, kaza taratibu mpaka gundi itokeze pande zote, kisha futa ziada. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Waya uwe wa ohm 75, aina ya RG6. Ule mwembamba unaouzwa kwa bei ndogo unapoteza mawimbi zaidi, na mara nyingi matundu ya wavu wake (nyuzi za chuma zilizosukwa chini ya ganda) ni makubwa mno. Usiukunje kwa pembe kali. Nusu kipenyo cha kona yake isiwe chini ya sentimita 7. Fishi ya F, yaani plagi ya mwisho wa waya, inataka utulivu: menya ganda la nje, rudisha wavu nyuma, acha sponji nyeupe ya ndani ya waya ikiwa safi kwa milimita 6 hivi, na shaba ya katikati itokeze milimita 2 au 3 kupita mdomo wa fishi. Uzi mmoja tu wa wavu ukigusa shaba, picha imekufa. Kosa hili tunaliona kuliko makosa mengine yote, na mwenye nalo hukimbilia kununua antena mpya.

Waya wa nje uache uning'inie chini ya kisanduku kabla ya kupanda kwenye fishi, maji yadondokee hapo. Ukifika Likasi, tazama antena za majirani zinaelekea wapi na kama vijiti vyake vimelala au vimesimama. Fuata hivyo hivyo, kisha tafuta stesheni upya. Geuza antena polepole na usubiri sekunde kadhaa kila mara, kwa sababu dekoda inachelewa kuonyesha badiliko. Radi ikianza, chomoa fishi ya nje na laza mlingoti.

Swali. Niko Katuba, na karavani yangu ina priza ya nje tayari. Nimeongeza kikuza mawimbi nyuma ya televisheni, lakini picha bado inakatika vipande vipande. Jenereta ikiwaka ni mbaya zaidi.

Jibu. Kikuza mawimbi mahali pake ni juu, karibu na antena. Kikikaa nyuma ya televisheni kinakuza pia uchafu wote uliokusanywa na waya. Hakikisha kinapata umeme wake kupitia waya. Kigawanyaji (kifaa cha kugawa waya mmoja kwa televisheni kadhaa) kisichopitisha umeme kitakiacha kimelala, na kikuza kilicholala hufunga njia. Kama uko karibu na mnara wa stesheni, kiondoe kabisa, kwani mawimbi yakizidi dekoda nayo inashindwa.

Kuhusu jenereta, izime ujaribu kwa betri. Picha ikitulia, washa tena na uchomoe kimoja kimoja: chaja, taa za LED, adapta. Chaja za bei ya chini ndizo wakosaji wa mara nyingi. Waya wa antena usifungwe pamoja na waya wa umeme. Acha nafasi ya sentimita 10. Angalia pia televisheni yako ya volti 12: betri ikichajiwa inaweza kupanda hadi volti 14.4, na si kila televisheni inavumilia. Soma kibandiko cha nyuma, au weka kidhibiti volti.

Swali. Naweza kutumia priza moja kwa antena na kwa sahani ya setilaiti?

Jibu. Unaweza, kwa vichanganyaji viwili (vifaa vya kuunganisha mawimbi ya antena na ya sahani kwenye waya mmoja, kisha kuyatenganisha), kimoja nje na kimoja ndani. Lakini dekoda ya setilaiti inapeleka volti 13 au 18 kwenye kichwa cha sahani, na muunganisho mbovu unaweza kuiharibu. Kwenye kisanduku kile kile kuna nafasi ya kiungio cha pili cha F. Weka viwili, vipake rangi tofauti, na uzime dekoda kila unapochomeka.