Kabla Hujapanda Basi la Arusha

Mara ya kwanza nilipokwenda Arusha, yaliko makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuzungumza kwa niaba ya vijana wa Afrika Mashariki, nilibeba azimio la kurasa nne ambalo mimi na wenzangu wa Kenya, Uganda na Burundi tulikesha tukilisawazisha, likidai ajira, elimu bora, amani na nafasi ya vijana katika maamuzi. Lilipokelewa kwa makofi, tukapigwa picha mbele ya bendera za nchi wanachama, tukasaini fomu za posho, na hadi leo sijakutana na mtu aliyelisoma. Kwa muda mrefu niliamini kwamba tulipuuzwa kwa sababu ya umri wetu. Baadaye nilikubali kwamba kosa lilikuwa letu pia, kwa kuwa tulifika mahali mambo yanapotangazwa, ilhali yalikwisha kuamuliwa kwingine.

Vikao vya mabaraza ya kisekta ya Jumuiya, yaani mabaraza ya mawaziri wa sekta fulani, huenda kwa ngazi tatu: hukaa kwanza wataalamu, kisha makatibu wakuu, na mwisho mawaziri. Sehemu kubwa ya taarifa huandikwa na wataalamu, nao hawaji mikono mitupu, bali hubeba msimamo wa nchi zao ulioandaliwa nyumbani kabla ya safari. Kwa hiyo kijana anayetaka kugusa sera ya kanda aanzie kwenye wizara ya nchi yake inayoshughulikia masuala ya Afrika Mashariki, aulize kikao kijacho kinahusu nini na nani anaandaa msimamo, kisha apeleke hoja yake mapema. Wa Kampala aanzie Kampala na wa Bujumbura aanzie Bujumbura, hoja ikiwa ni ileile, kwa sababu maamuzi ya Jumuiya hutegemea maafikiano na nchi moja ikigoma suala hukwama. Hapo ndipo nilipoona faida halisi ya kuwa na marafiki ng'ambo ya mpaka, faida ambayo sikuiona katika makongamano yote niliyohudhuria.

Hoja yenyewe iwe nyembamba. Mara ya pili tuliacha "ajira kwa vijana" tukaenda Namanga, kwenye mpaka wa Tanzania na Kenya, tukakaa siku tatu na vijana wanaovusha vitunguu kwenda Kenya. Wengi walijua kwamba upo utaratibu rahisi wa biashara ndogo, ambapo mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya na umo katika orodha iliyokubaliwa, hupata cheti cha uasili (kinachoonyesha bidhaa imezalishwa wapi) papo hapo mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Kilichowasukuma kwenye njia za panya ni kwamba cheti hicho hakiondoi hitaji la hati ya afya ya mimea, na gharama na muda wa kuitafuta hati hiyo kwa magunia manne vilimeza faida yote. Tuliandika nusu ukurasa: tatizo, mfano mmoja wa mzigo na hesabu yake, na sentensi mbili za pendekezo zilizoandikwa kama zinavyoandikwa katika taarifa za vikao, ili anayezipokea asipate kazi ya kuzitafsiri.

Ofisi ya kwanza tuliyoifikia ilituzungusha wiki tatu. Ya pili ilitusikiliza, na miezi kadhaa baadaye afisa mmoja alitueleza kwamba pendekezo liliingia kwenye msimamo wa nchi, ila neno "zitapaswa", lililozibana nchi wanachama, limegeuzwa kuwa "zihimizwe". Tulicheka kwa uchungu kidogo. Hata hivyo, "zihimizwe" ni neno unaloweza kulifuatilia kikao kinachofuata.

Bunge la Afrika Mashariki nalo lisisahauliwe. Kila nchi ina wabunge tisa wa kuchaguliwa, nao huchaguliwa na bunge la nchi yao wala hawapigiwi kura na wananchi moja kwa moja, jambo linalowafanya wengi wetu tusiwajue hata kwa sura. Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999 unamruhusu mbunge mmoja mmoja kuwasilisha muswada, na kamati husafiri kukusanya maoni katika nchi wanachama. Tafuteni ratiba ya kamati, kwa sababu ukumbi wa maoni mara nyingi huwa na viti vitupu.

Kuhusu lugha, mwaka 2021 Wakuu wa Nchi waliridhia Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza, lakini nyaraka nyingi zilizopitia mikononi mwangu bado ni za Kiingereza. Sisi huandika hoja kwa Kiswahili kwanza, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo mchuuzi wa Namanga na mwenzetu wa Bujumbura wanaweza kuisahihisha pamoja, kisha ndipo tunaitafsiri kwa ajili ya wizara. Rasimu ya vitunguu ilisahihishwa hivyo mara tano, na sahihisho lililokuwa na uzito kuliko yote, lile la hesabu ya magunia manne, lilitoka kwa kijana ambaye hajawahi kuingia katika ukumbi wowote wa mikutano.