Usiuache Mwiko: Brigadeiro Zangu na Machozi Yaliyotangulia

Jumatatu asubuhi, mgongo ukiwa bado unaniuma kwa kazi ya Jumamosi, nilifungua simu nikakuta ujumbe wa msomaji mmoja wa Morogoro. "Dada, nimefuata maelezo yako ya brigadeiro neno kwa neno, lakini imekuwa uji. Makopo mawili ya maziwa yameharibika. Nimekosea wapi?"

Ujumbe huo ulinichoma kuliko alivyodhani. Siku mbili kabla yake nilikuwa nimepeleka vitonge 600 kwenye sendofu ya binti mmoja Kigamboni, oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupokea. Hakikurudi hata kitonge kimoja. Mama wa binti alinikumbatia mbele ya wageni wake, akaniuliza nimesomea wapi. Nilipanda bajaji na masinia matupu mapajani, machozi yananitoka njia nzima. Halafu nasoma ujumbe wa mtu aliyesimama palepale nilipokuwa nimesimama mimi: sufuria ya uji mkononi na pesa zimekwenda. Nikasema hili siwezi kulijibu kwa mistari miwili.

Kwa wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza: brigadeiro ni vitonge vya chokoleti vya Brazili. Havina yai, havina unga, havihitaji oveni. Ni maziwa mazito matamu ya kopo, kakao na siagi, vinapikwa, vinapozwa, vinaviringishwa mkononi, kisha vinagaragazwa kwenye punje ndogondogo za chokoleti. Vitu vitatu tu. Hilo neno "tu" nitalirudia baadaye, kwa sababu lilinitesa.

Mimi ni mtoto wa Unguja. Mjomba wangu alikuwa mpishi wa halwa, na utotoni kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya moto na kupeleka maji ya kunywa kwa wanaume waliokuwa wakisonga. Halwa ni wanga, sukari, samli, iliki na zafarani, lakini ukimuuliza mjomba alikuwa akisema halwa ni mkono. Wakisonga kwa zamu, jasho linawatoka, mwiko haupumziki. Nami nikiuliza itaiva lini, alikuwa na jibu moja: halwa ikiiva huiaga sufuria. Sikuelewa. Nilidhani ni maneno ya wazee.

Nilipokuja Dar es Salaam kutafuta maisha, nilipata kazi ya kulea watoto wawili wa familia moja kutoka Belo Horizonte, mji mkuu wa jimbo la Minas Gerais, jimbo linalosifika Brazili nzima kwa maziwa na jibini. Niliwaogopa wiki ya kwanza. Kisha nikaona wanakula wali na maharage kila siku ya Mungu, nikatulia.

Mtoto mdogo alipotimiza miaka mitano ndipo nilipoiona meza yao. Keki katikati, na kuizunguka keki vitonge kadhaa, kila kimoja ndani ya kikombe chake kidogo cha karatasi. Kwao sherehe ya mtoto isiyo na brigadeiro haihesabiwi kuwa sherehe. Na havitakiwi kuguswa mpaka watu wamalize kuimba na kupiga makofi, wimbo wanaouita Parabéns. Watoto hawangoji, bila shaka. Niliona mkono mdogo ukichungulia chini ya kitambaa cha meza, kitonge kikatoweka, na mama mtu akageuza uso kama hajaona. Aliniambia hata yeye alikuwa akiviiba, na bibi yake alikuwa akigeuza uso vilevile.

Ni yeye aliyenisimulia jina lilikotoka. Brigadeiro kwa Kireno ni brigedia. Mwaka 1945 Brazili ilikuwa inatoka kwenye utawala wa Getúlio Vargas, na Desemba 2 watu wakapiga kura kumchagua rais. Mmoja wa wagombea alikuwa Eduardo Gomes, brigedia wa jeshi la anga, mtu aliyekuwa na jina tangu mwaka 1922 alipokuwa miongoni mwa wanajeshi wachache walionusurika kwenye uasi wa ngome ya Copacabana. Wanawake wa Brazili walikuwa wamepata haki ya kupiga kura mwaka 1932 tu, na wengi walimpenda Brigedia. Inasimuliwa kwamba walikuwa wakisema apigiwe kura kwa kuwa ni mtanashati na hana mke! Inasimuliwa pia kwamba walipika vitonge hivi wakaviuza kuchangia kampeni yake, na watu wakawa wanasema wanakwenda kula vitamu vya Brigedia. Alishindwa. Eurico Gaspar Dutra ndiye aliyekuwa rais. Mwaka 1950 akagombea tena, akashindwa na Vargas mwenyewe. Lakini jina lake limebaki midomoni mwa watoto wote wa nchi ile, isipokuwa kule kusini, Rio Grande do Sul, ambako kitonge hichohicho kina jina lingine.

Nimeipenda habari hiyo tangu siku ile kwa sababu ya wale wanawake. Walikuwa na jiko, kopo na mwiko, wakaingia navyo kwenye siasa ya nchi yao. Maziwa ya kopo hayakuwa mageni kwao, kwa maana Nestlé ilishafungua kiwanda chake cha kwanza cha Brazili huko Araras mwaka 1921. Walichukua kitu kilichokuwa kabatini.

Sasa nije kwenye jiko langu. Kopo moja la gramu 395, kijiko kikubwa kimoja cha siagi, vijiko vikubwa vitatu vya kakao isiyo na sukari, na chembe ya chumvi. Kakao uichunge kwa chekeche, la sivyo utapata madonge ambayo hayayeyuki tena. Usitumie ile poda ya kinywaji yenye sukari, ingawa nyumba nyingi za Brazili zinatumia kitu cha namna hiyo. Maziwa yenyewe ni matamu mno, unahitaji uchungu wa kakao uyashike. Nchi yetu inalima kakao, kule Kyela, nami nikiipata iliyosagwa vizuri huwa sinunui nyingine. Siagi iwe siagi ya maziwa. Changanya vyote sufuria ikiwa baridi, mpaka usione weupe, ndipo uwashe moto. Moto mdogo. Sufuria nzito. Na mwiko usiuache.

Hapa ndipo msomaji wangu wa Morogoro alipopotea, na ndipo nilipopotea mimi mara ya kwanza. Mchanganyiko unaanza kutokota mapema, unatoa mapovu mazito, unapendeza kabisa kuutazama. Unadhani umeiva. Haujaiva. Ndani bado mna maji mengi, na kazi yote ya kusonga ni kuyatoa hayo maji taratibu bila kuunguza sukari iliyo chini. Ukipitisha mwiko katikati utaona chini ya sufuria, lakini njia inajifunga mara moja. Endelea. Baada ya muda njia inabaki wazi kidogo kabla haijajifunga. Hapo ukizima umepata brigadeiro ya kijiko, ambayo Wabrazili wanaipenda sana na wanaila moja kwa moja kutoka kwenye bakuli, lakini mkononi haiviringiki. Endelea tena, dakika mbili tatu. Halafu inamisha sufuria. Ikiteremka yote kwa pamoja kama kitu kimoja, ikaiacha sufuria safi nyuma yake, zima palepale.

Siku mama yule wa Kibrazili aliponiinamishia sufuria na lile donge jeusi likateleza lote upande mmoja, nilipiga kelele jikoni. Halwa! Ndiyo halwa ya mjomba! Imeiaga sufuria! Nilikuwa nimebeba jibu tangu nina miaka minane na sikujua ni jibu la nini.

Kwa moto wangu inachukua kati ya dakika 10 na 15. Lakini usipike kwa saa, pika kwa macho. Kama macho hayajazoea, dondosha tone kwenye glasi ya maji baridi: likikusanyika ukaweza kulifinyanga kwa vidole, tayari. Na watoto wakae mbali, kwa sababu mchanganyiko huu ukiruka unaganda kwenye ngozi na unaunguza vibaya sana. Nina alama kwenye kifundo cha mkono.

Imimine kwenye sahani uliyoipaka siagi, funika kwa plastiki iguse juu ya brigadeiro yenyewe ili isifanye ngozi, iache ipoe kabisa. Paka mikono siagi kidogo, viringisha. Mimi napima gramu 15 kila kimoja kwa mizani, napata kama 25 kwa kopo. Mizani si anasa. Mteja akiona vitonge vimelingana anajua umemheshimu.

Wakati familia ile iliporudi kwao, nilibaki na daftari la mapishi na pesa ya miezi miwili. Nikaanza kupika. Nilipata ujasiri, nikabeba vitonge 60 nikavipeleka kwenye mgahawa mmoja wa mjini, sitautaja. Nilivaa gauni langu zuri. Msimamizi alionja kimoja, akatafuna, akaniuliza kina nini. Nikamwambia ukweli wote, kwa sababu nililelewa kusema ukweli. Akasema, "Kumbe ni maziwa ya kopo na kakao tu? Hata mtoto anaweza." Akaniambia niviache vyote, mwenye mgahawa ataonja, nitapigiwa. Sikupigiwa. Nilipouliza malipo nikaambiwa vile vilikuwa vya kuonjesha. Mwezi uliofuata nikapita pale nikaviona kwenye kabati la kioo, na jina lilelile limeandikwa kwenye kikaratasi.

Niliingia nikanunua kimoja. Kilikuwa kigumu, kinanata menoni, kimepikwa kwa moto mkali na mtu aliyekuwa na haraka. Nilikaa kituo cha daladala nikilia, na nasema kweli, si kwa sababu ya pesa ya vitonge 60. Ni lile neno. Tu.

Miaka minne imepita na bado nikilisikia moyo unaruka. Mdogo wangu, wewe unayesoma hapa ukiwa na kitu chako cha vitu vitatu, iwe ni kashata, iwe ni visheti, iwe ni uji wa mchele: mtu anayehesabu vitu vilivyomo hajahesabu dakika ulizosimama. Usimpe maelezo yako yote kabla hajakulipa. Usiache mzigo bila maandishi. Na usipunguze siagi ili umshindane kwa bei, kwa sababu yeye ana kabati la kioo na wewe una mkono. Shika mkono wako. Amka mapema, chunga kakao yako, simama na sufuria yako, usiuache mwiko kwa ajili ya simu wala jirani.

Kuhusu joto letu, wengi mnaniuliza. Dar es Salaam si Belo Horizonte, kule ni mlimani. Hapa brigadeiro iliyoachwa mezani mchana inalegea. Pika dakika moja zaidi ya kipimo cha kuviringisha, hifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, peleka asubuhi au jioni. Siku mbili nje, wiki moja kwenye friji. Zaidi ya hapo siuzi.

Na kuna moja nyingine lazima niwaambie, kwa sababu nusu ya oda ya Kigamboni ilikuwa hiyo. Wanaiita beijinho, yaani kibusu. Ni maziwa yaleyale, siagi ileile, lakini badala ya kakao unatia nazi iliyokunwa, na ukishaviringisha unakigaragaza kwenye nazi, halafu juu kabisa unachomeka karafuu moja. Mara ya kwanza mama yule wa Kibrazili aliponionyesha, nilishika ile karafuu nikashindwa kusema. Nimekulia penye majamvi ya karafuu zinazoanikwa, harufu yake iko kwenye nguo zangu za utotoni zote. Kumbe ng'ambo ya bahari nyingine kuna watoto wanaoijua kama kofia ya kitonge cha nazi. Jumamosi wazee wa Kizanzibari waliokuwepo kwenye sendofu walizitazama zile beijinho, wakanusa, wakaulizana nani amepika. Wakaletwa jikoni kuniona.

Basi jana jioni msomaji wangu alinunua kopo la tatu. Nikamwambia asiniandikie tena, apige, aweke simu kwenye spika kando ya jiko. Nilikaa kitandani nikimsikiliza. Mtoto alilia mara moja, akamwita dada yake amchukue. Mlango ukagongwa, hakwenda. Nilisikia mwiko ukikwaruza chini ya sufuria, mwanzo haraka, kisha taratibu, kisha mzito. Akaniuliza kama azime, nikamwambia bado. Akauliza tena, nikamwambia bado.

"Sasa inamisha," nikasema.

Kimya. Halafu nikamsikia akivuta pumzi.

"Dada," akasema, "imeteremka yote."