Cheni ya taimingi ya 1NZ: rangi ya viungo ikihama baada ya kuzungusha injini, je, ufungue tena?

Ndugu yetu wa Gungu, hapa Kigoma, ameuliza kuhusu Toyota Probox yake yenye injini ya 1NZ-FE. Cheni ya taimingi imebadilishwa, gari linawaka, lakini linatetemeka likiwa limesimama, halivuti mlimani, na mashine ya kupimia inatoa kodi P0016. Fundi wake amekwisha kufungua kava la mbele zaidi ya mara moja kwa sababu kila anapozungusha injini, viungo vya cheni vilivyopakwa rangi vinaziacha alama za gia. Nafanya kazi ya gereji hapa Mwanga, na injini hizi ndizo zinazotuweka mjini, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu.

Rangi ile haitakiwi kurudi. Viungo vyenye rangi humsaidia fundi mara moja tu, wakati wa kuvalisha cheni: kimoja kwenye alama ya gia ya kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), viwili kwenye gia za kemshafti (shafti mbili za juu zinazofungua valvu). Gia ya kemshafti ina meno maradufu ya ile ya kranki, ndiyo maana kranki huzunguka mara mbili kemshafti inapozunguka mara moja. Lakini idadi ya viungo vya cheni haigawanyiki sawasawa kwa meno hayo, kwa hiyo baada ya mizunguko miwili gia zote huwa zimerudi mahali pake ilhali cheni yenyewe bado iko njiani. Itahitaji mizunguko mingi kabla rangi haijakutana na alama tena. Fundi anayefungua kwa sababu hiyo anabomoa kazi ambayo huenda ilikuwa sahihi, na kila akirudia anajipa nafasi mpya ya kupotea jino, yaani cheni kukaa jino moja mbele au nyuma ya alama.

Kodi P0016, hata hivyo, inasema kompyuta haioni kranki na kemshafti zikienda pamoja, kwa hiyo pimeni kabla ya kulaumu kitu kingine. Fungueni kava la juu peke yake, zungusheni puli ya kranki kwa spana, kwa mwelekeo wa mishale ya saa, hadi mfereji wake ufike kwenye alama ya sifuri ya kava la mbele, kisha tazameni alama za gia mbili za kemshafti, ambazo zote zinapaswa kuelekea juu. Zikiwa chini, ongezeni mzunguko mmoja kamili wa kranki. Alama moja ikiwa sawa na nyingine imelala, cheni imekosewa kati ya kemshafti na kemshafti. Zote mbili zikilala upande mmoja, kosa liko kwenye kranki. Kwenye gia ya kranki yenye meno 18, jino moja ni digrii 20 za kranki, na hizo zinatosha kabisa kuleta huo mtetemo. Mtazamaji asimame usawa wa gia na tochi yake, kwa maana alama ni kitobo kidogo, na ukikitazama kutoka pembeni utaapa kimehama. Angalieni pia puli yenyewe: ile yenye mpira katikati ikichoka, duara la nje huteleza, na sifuri yake huwa ya uongo. Mkiishuku, ushahidi wa kuaminika ni kabari ya kranki, kile kipande cha chuma kinachoifunga gia kwenye kranki.

Ikithibitika kwamba jino limepotea, basi fungueni. Kabla ya kugusa kemshafti cheni ikiwa nje, sogezeni kranki robo mzunguko kutoka sifuri ili pistoni zote nne zikae katikati ya silinda, valvu zisije zikazigonga. Kemshafti ishikwe kwa spana kwenye sehemu yake yenye pembe sita, kamwe isizungushwe kwa kuvuta cheni. Gia ya VVT-i (mfumo unaobadilisha taimingi ya valvu kwa nguvu ya oili), iliyo upande wa valvu za kuingiza hewa, iwe imejifunga kwa pini yake ya ndani: ishike kwa mkono ujaribu kuipindua, ikicheza juu ya kemshafti, alama zitakuwa sahihi kwa macho na taimingi itakuwa mbaya vilevile. Mimi huanzia hapo, kwa sababu mafundi wengi hupapita.

Ukiitazama injini kutoka upande wa puli, cheni ya kulia ndiyo inayovutwa, na inapaswa kunyooka bila ulegevu wowote. Ulegevu wote ubaki kushoto, kwenye tenshena, yaani kifaa kinachokaza cheni. Ukiacha ulegevu kulia, tenshena ikiachiwa itauvuta na kuihamisha kemshafti, na hapo ndipo jino linapopotea kimyakimya mbele ya fundi aliyekuwa amepanga rangi vizuri kabisa. Tenshena ya 1NZ iko ndani ya kava, kwa hiyo chomoeni pini yake kabla ya kufunga, rudisheni boliti ya puli kwa muda, mzungushe kwa mkono mizunguko miwili. Msirudi nyuma hata kidogo. Gia zikifika kwenye alama zake, taimingi imekaa, rangi iwe popote itakapokuwa.

Spea nyingi hutufikia kwa basi kutoka Kariakoo, na nyingine huja bila rangi yoyote. Lazeni cheni ya zamani kando ya mpya, hesabuni viungo kutoka rangi hadi rangi, muweke alama kwa rangi ya kucha. Osheni cheni kwanza.

Wakati wa kufunga kava, kumbukeni kwamba pampu ya oili imo humo na lazima ikae sawasawa kwenye kranki. Ikikataa, msiilazimishe kwa boliti. Silikoni iwe nyembamba, maana inayomwagikia ndani huishia kwenye chujio la sampu, lile karai la oili la chini. Kisha toeni fyuzi ya pampu ya mafuta, pigeni stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izimike, ndipo mwashe. Mlio wa sekunde chache ni wa kawaida kwa sababu tenshena hujazwa na oili. Na P0016 ikirudi huku alama zote zikiwa sawa, fungueni valvu ya oili ya VVT-i pamoja na kichujio chake kidogo. Kwenye magari yaliyocheleweshewa kumwaga oili, mara nyingi hukikuta kimeziba kwa masizi.