Kuchoma nyama kwa familia ya Kiyahudi: anza na wavu

Dada mmoja anayetunza mzee wa Kiyahudi huko Pikesville, karibu na mji wa Baltimore, Marekani, ameniandikia. Mzee ana hamu ya nyama ya kuchoma, wajukuu wanakuja Jumapili, na yeye anaogopa hata kugusa jiko lililoko uani.

Dada yangu, nimewapikia watu hawa miaka mingi. Leo baba mwenye nyumba huwasha moto, kisha hunikabidhi koleo na kwenda kuketi na wageni wake. Najivunia hilo, kwa sababu nililitolea jasho. Kwenye karamu moja zamani, mwenyeji alininyang'anya koleo mbele ya watu bila kusema neno. Koleo lenyewe nilipewa na mtu wa nyumba hiyohiyo! Bado inaniuma. Ni rabi mmoja mzee aliyekuja kunieleza kwamba lile lilikuwa koleo la vyakula vya maziwa, halipaswi kugusa nyama. Maelezo ya dakika moja tu. Kwa hiyo uliza kabla hujashika chochote, na usione haya.

Sisi tuliokulia kwenye nyama choma hukimbilia kuulizia bucha. Hapo usihangaike: nunua duka la kosher, yaani la vyakula vinavyoruhusiwa na dini ya Kiyahudi, nyama imekwisha kulowekwa na kutiwa chumvi ili damu itoke. Mguu wa nyuma huenda usiupate, kwa ajili ya mshipa wa paja uliokatazwa katika Torati. Chukua mbavu au bega.

Kazi iko kwenye wavu. Chuma hushika kilichochomwa juu yake, na jiko la bustani ya umma limeshachoma soseji za nguruwe na baga zenye jibini. Kusugua kwa brashi hakutoshi. Wavu wa namna hiyo huchomwa mpaka chuma kiwe chekundu, au unakuja na wa kwenu. Ukikosa vyote, funga nyama kwa foili tabaka mbili. Wavu mpya nao uliza kwanza, maana familia nyingi huuzamisha kwenye mikveh, yaani birika lao la utakaso, kabla ya kuutumia.

Moto awashe mmoja wao. Usidhani wanakudharau, ni sheria yao juu ya chakula kinachopikwa na asiye Myahudi. Wengine, hasa Wasefardi (Wayahudi wenye asili ya Uhispania na Ureno), hutaka pia kuiweka nyama motoni kwa mikono yao. Heshimu. Ukila mkate wa mtu, heshimu na dini yake.

Viungo ni rahisi: ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, mafuta ya alizeti. Mtindi, siagi na samli viache kabisa, hata kwenye mahindi utakayochoma pembeni ya nyama.

Mzee akiomba ini, mchomee kwa moyo wote. Ini lina damu nyingi kiasi kwamba chumvi peke yake haitoshi, lazima lipite kwenye moto wa wazi. Lipasue, linyunyizie chumvi kidogo, liache litone juu ya makaa mpaka liive. Liwe na wavu wake, usichanganye na wa mbavu.

Jumapili ni siku nzuri, Sabato imeshapita. Wajukuu wakidai aiskrimu baada ya kula, ya maziwa usiwape. Familia nyingi hungoja muda wa saa 6 baada ya nyama kabla ya kula chochote cha maziwa. Nunua tikiti maji.